Mishale Niliyoigeuza

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema wiki chache. Kasema kwa upole, kama mwalimu anayerudisha karatasi mbovu. Haya. Niungame, maadamu kalamu bado inashikika.

Miaka thelathini na minane iliyopita nilimpa binti yangu sifuri. Jiografia, darasani kwangu mwenyewe. Jaribio la swali moja: mabamba ya gamba la dunia yakigongana, la bahari na la bara, lipi huzama? Akajibu la bahari, maana ni jembamba lakini zito. Sahihi! Ila ramani ya ukutani niliichora mimi, kwa rangi ya mafuta, na mishale niliigeuza bila kujua, nami nikasahihisha kwa kuifuata. Bara linazama. Bara zima! Niligundua jioni ileile. Nikanyamaza. Rangi ya mafuta haifutiki.

Akaacha jiografia, akawa mshonaji. Sasa ndiye anayeniuguza.

Jumanne, 4 Machi
Kumwambia ana kwa ana? Thubutu! Nina hila. Nitamwonyesha, agundue mwenyewe, nami nishangae pamoja naye. Mto wa pamba: bara, nene, jepesi. Taulo lililolowa: bahari, jembamba, zito. Nikalisukuma. Likajikunja, likateleza chini ya mto taratibu, kama mtu anayeingia chumba alichoitwa. Nikasahau hila. Nywele zilinisimama, zile zilizobaki.

Binti kaingia, kaona shuka linachuruzika. Kasema pole Baba, ni uzee tu, kanitandikia mpira wa watoto wachanga. Nikanyamaza tena. Heri kikojozi kuliko mwongo.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya kukatwa kucha. Nimemwambia sakafu ya bahari huzama kwa kasi ya ukucha unaokua. Kaacha mkasi hewani. Nikaendelea, sauti inatetemeka, si kwa ugonjwa: kwamba hushuka na maji yaliyofungwa ndani ya mawe, kwamba maji yale, yakiachiliwa huko chini, huyayusha mwamba ulio juu yake, kwamba ndipo huzaliwa milima ya moto. Kwamba pengine mabamba hukwama karne nzima, kisha huachia kwa dakika moja, na miji ikaanguka.

Kaniuliza: kwa hiyo linalozama ni la bahari?

Mlango wazi kabisa! Nikaomba uji.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja, kaka wa marehemu mke wangu. Alifundisha fizikia shule yetu na hajawahi kusikiliza sentensi hadi nukta. Kaona taulo langu, kaeleza kila kitu kwa dakika mbili. Vizuri, mshenzi! Binti kampigia makofi mjomba wake. Kwa bamba langu! Nimekataa kula.

Jumatatu, 10 Machi
Sikulala. Asubuhi nimemwambia yote kwa pumzi moja, macho yakitazama dari.

Kisha kasema alijua tangu wiki ile ya sifuri, mjomba alimwambia. (Shemeji alijua miaka yote hiyo na hakunicheka? Huyo ni mtu wa kuogopwa.) Kasema sifuri haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kuniona kila asubuhi nikiinyooshea ramani ile fimbo, mkavu wa macho, nikiruka jicho lake. Alingoja niseme. Aliacha somo kwa sababu alichoka kungoja.

Miaka thelathini na minane ya mgandamizo, na mimi ndiye niliyekuwa nimekwama. Nikalia. Kanifuta uso kwa taulo la bahari.

Kisha katoa ile karatasi ya jaribio kwenye droo ya cherehani. Kasema msamaha upo, ila kwanza nisahihishe, kwa wino mwekundu. Nikafuta sifuri. Mkono ukasita.

Tisa juu ya kumi. Kichwa cha habari hakukipigia mstari. Sheria ni sheria.

Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kasema atakata rufaa Jumamosi, akija na mkasi. Nimeshaandaa hoja nne za kumshinda.