Polipi Tatu na Bia ya Guylain

Jumatatu, 3 Juni. Bukavu.
Nina polipi tatu tumboni. Amesema Docteur Emérita, baada ya kunimezesha bomba lenye kamera. Vinyama vilivyoota kwenye ukuta wa tumbo. Viwili amevikata. Cha tatu ni kikubwa. Amechukua kipande kukipima. Nikamwomba aandike karuho, ile sumu ya kuua polepole. Guylain, mwenye duka linalotazamana na langu kule Mubi, alininunulia bia siku ya Pasaka. Tangu hapo tumbo linawaka. Docteur amekataa! “Papa Archange, hii haiko karuho. Iko polipi. Kunywa vidonge, umalize.”

Jumatano, 5 Juni. Hombo.
Nikiwa njiani kurudi Mubi, nimeshuka kwenye lori kumwona Evode, mganga maarufu wa kutapisha sumu. Anasema vidonge vinaficha sumu. Nimeviacha. Nikanywa dawa yake, nikatapika mbele ya soko zima. Evode akanionyesha kitu cheupe: karuho! Dereva akasema ni wali wa asubuhi. Dereva anajua nini?

Jumamosi, 8 Juni. Mubi.
Mtego! Evode alisema mwenye hatia hathubutu kunywa dawa yake. Nimemwekea Guylain glasi ya dawa niliyobeba kutoka Hombo, mbele ya wateja. Akanywa yote. Akatapika nyuma ya duka, akarudi anang'aa. “Kaka, sasa njo nasikia mwepesi! Unauzaka ngapi?” Wateja wakavuka naye barabara. Mke wangu, Kasoki, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kama ninakunywa vidonge. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 13 Juni.
Nimetapika damu, nyeusi kama kahawa. Muuguzi anasema kutapika kumechana kidonda cha polipi zilizokatwa. Kasoki amekuta vidonge vyote nyuma ya magunia ya chumvi. Safari hii hakucheka.

Jumatano, 19 Juni.
Docteur Emérita amepiga simu. Chembe za polipi kubwa zimeanza kuharibika. Siyo kansa. “Bado, Papa. Ukichelewa, mimi siahidi kitu.” Itatolewa tarehe 24, tumbo likiwa tupu. Kasoki alitoka nje, akakaa huko hadi giza. Guylain akaja kunipa kiti cha mbele kwenye lori lake, bure. Bure! Nimekubali, ili nimchunguze.

Jumamosi, 22 Juni.
Kasoki anakunja mashati yangu. Ameanza kunikunjia hata lile nililovaa kwenye mazishi ya baba. Nimemwambia shati hilo lina joto sana. Tunaondoka kesho alfajiri. Nimemwomba Guylain asimame Hombo kidogo, ninyooshe miguu. Docteur amekataza chakula. Dawa ya Evode siyo chakula. Jumatatu saa mbili asubuhi, Bukavu, chumba cha kamera.