Kukaguliwa na Mpwa Wangu Kabla ya Kuzama

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Uzamiaji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mkavu. Mimi ni mzamiaji wa bandarini, mwaka wa ishirini na mbili huu nakwangua uchafu uliogandia matumbo ya meli. Sasa bosi wetu kaamua kwamba kuanzia mwezi ujao asiye na cheti hagusi maji, atapelekwa ghalani kuviringisha kamba. Ghalani mimi siwezi, nitakufa kwa vumbi. Ndiyo nikaja kwenu, na kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Mwalimu mliyenipa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu ninayemfuata. Kuogelea nimemfundisha mimi, kwenye maji ya magotini, huku analia. Leo ananiamuru nikae na nifungue ukurasa wa nne.

2. Ukurasa wenyewe una picha ya mtu anayevaa miwani ya kuzamia, na mishale sita. Mimi miwani nimeivaa tangu aliyechora picha hiyo hajazaliwa. Nikajibu hivyo hivyo kwenye mtihani, nikapewa sifuri.

3. Kitabu kinasema mtu akipanda juu asimame njiani dakika tatu. Anasimama kumngoja nani? Mimi kazi ikiisha napanda moja kwa moja. Viungo vinavyoniuma kila jioni ni umri tu, havihusiani.

4. Hili ndilo lililonichoma. Kabla ya kuingia majini, eti kila mmoja amkague mwenzake, mkanda kwa mkanda, mpaka mtungi wa hewa. Nilikataa. Mtu mzima hapapaswi na mpwa wake hadharani. Nikamkumbusha mimi ni nani kwake, naye akanijibu mbele ya darasa zima: "Mjomba, chini ya maji hakuna mjomba." Wakacheka. Mimi nikajirusha vivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba cheti nipewe kwa heshima ya umri. Mpwa wangu awe mwanafunzi wangu. Vitabu vikusanywe, wanafunzi wakae wanisikilize mimi. Mkishindwa, chuo kifungwe tu, maji yenyewe yatafundisha.

Nisalimie walimu wote, karani wa mapokezi aliyenipa kiti, na hata wale waliocheka.

Wako anayestahili cheti,
Mzee Mapovu,
Mzamiaji Mkongwe, Kikosi cha Usafi wa Meli

Tanbihi: Kuna jambo dogo nimesahau. Nilipojirusha, koki ya mtungi wangu ilikuwa imefungwa. Nilivuta pumzi mbili, ya tatu haikuja. Miaka yote ishirini na mbili ikanitoka kichwani, nikabaki natapatapa. Mpwa wangu alikuwa amejirusha nyuma yangu, akapeleka mkono kisogoni kwangu na kuifungua. Niliogopa sana, Mkuu, na mpaka leo sijamshukuru. Nasikia Jumatatu anaanza darasa jipya. Naomba dawati la mbele, maana ubaoni sioni vizuri. Dada yangu asijue lolote.