Viazi Vilivyomlainisha Daktari Tveit

Jumatatu, 12 Januari

Theluji hadi magotini. Nimeegesha gari mwisho wa dunia, nikafika hospitali sina masikio. Lorna Kvam, mwenzangu wa meza ya pili, gari lake liko mlangoni kabisa. Nafasi hiyo kila mwezi hupewa yule kati yetu ambaye bima imemkatalia mafaili machache zaidi. Miezi yote hii ni yeye. Akaniuliza kama nje kuna upepo. Shetani.

Leo nimepewa faili la mtoto wa chumba cha kona. Jina silitaji hata humu, sheria ni sheria. Ana miaka tisa. Kiangazi kilichopita kipande cha nyama kilimkaba koo, na tangu hapo kila tonge linamtisha. Soua Vang, mtaalamu wetu wa lishe, ameeleza yote vizuri. Daktari Tveit yeye ameandika: "Huchagua chakula." Basi! Kazi yangu ni kugeuza ugonjwa kuwa namba ambazo bima hulipia, na jina la ugonjwa lazima litoke kwa daktari. Si kwa Soua, si kwangu. Na kwa kuchagua chakula tu, bima haimlazi mtu. Wamesema Ijumaa kitanda kiachwe.

Nimemwona mama yake kwenye lifti, ameshika bakuli la tambi tupu ambazo hazijaguswa. Imeniuma. Pia nimefikiria maegesho.

Jumanne, 13 Januari

Nimemwandikia daktari swali rasmi. Fupi, la kijasiri: huyu ana ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu, sivyo? Tia sahihi hapa. Nikachora na mshale. Mkuu wetu, Bi Darlene Ostby, akalizuia kabla halijatoka. Akasema, kwa ule upole wetu unaokata kuliko kisu, kwamba swali langu ni "tofauti kidogo". Maana yake ni takataka. Haturuhusiwi kumwekea daktari jibu mdomoni. Bima ikigundua, faili zima linatupwa. Lorna akanipa biskuti ya pole. Nimeila kwa hasira.

Jumatano, 14 Januari

Mpango mpya, na huu ni wa akili. Kama siwezi kumwambia, atasikia mwenyewe. Kantini nilikaa nyuma ya Daktari Tveit, nikamsimulia Lorna kwa sauti kubwa habari za binamu yangu (sina binamu). Watu humwita mchaguzi, kumbe maskini anaogopa kukabwa, na laiti angetokea daktari wa kulitaja jambo hilo kwa jina lake! Daktari akageuka. Akanitazama kwa huruma. Akaja akaniwekea mkono begani, akasema mara nyingi huyo binamu huwa ni sisi wenyewe.

Saa nane, kwa amri yake, nilikuwa ofisini kwa Soua nikipimwa. Akaniuliza nimekula nini mchana. Nikamtajia. Akauliza kama hicho ni chakula cha mtu mmoja.

Nilipokiri ukweli alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema, "Wewe Arvid, si umuulize tu? Daktari, yule mtoto ana nini? Hilo linaruhusiwa." Kumuuliza mtu hivi hivi, usoni! Hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, ambako kila neno huzungushwa! Na Soua kazaliwa hapahapa. Nimemshukuru, nikaondoka.

Alhamisi, 15 Januari

Leo idara imekula pamoja, kila mtu kaja na chakula chake. Nimepika sinia kwa mapishi ya marehemu mama: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, na juu viazi vidogo vya kukaanga vimejipanga safu kwa safu. Shabaha ni kumlainisha daktari. Alimaliza sahani mbili. Nikamdokezea kwamba viazi humsaidia mtu kukumbuka majina. Akasema ndiyo, chumvi imekaa vizuri.

Kikabaki kipande cha mwisho. Kwetu mtu mwenye malezi hachukui kipande cha mwisho, kwa hiyo tukabaki mimi na yeye tunasukumiana sinia. Chukua wewe, Daktari. Aa, chukua wewe, Arvid. Mimi nimeshiba. Hata mimi. Watu wote wakaondoka. Maneno yakaniishia kabisa, nikajisikia nasema, "Daktari, yule mtoto wa chumba cha kona ana nini hasa?"

Akajibu palepale. Jina zima la ugonjwa, hofu, koo, kudhoofika, kila kitu. Nikauliza mbona hakuandika. Akasema hakutaka mama mtu akutane na neno zito namna hiyo. Bima haturuhusiwi kuitaja mbele ya daktari, basi nikang'ata ulimi. Nikamwambia tu kwamba faili halijui upole, linajua kilichoandikwa. Akainuka, akaenda kuandika. Kofia yake ameisahau mezani.

Ijumaa, 16 Januari

Bima imekubali! Mtoto anabaki mpaka apate nafuu. Kwenye lifti mama yake alikuwa akilia na kucheka, akiwatangazia watu asiowajua. Nami nilitakiwa nisijue chochote, nikakodolea macho vitufe. Nimelilia kwenye ngazi.

Jioni Soua amenirudishia sinia tupu. Kile kipande alikipeleka wodini. "Kuna mtu kalamba kiazi chako," akasema. "Halafu akakitafuna, akameza. Jina silitaji."

Hesabu ya mwezi imefungwa leo, na Bi Darlene amenikabidhi maegesho ya mlangoni. Akasema kazi yangu "si mbaya". Kwetu hizo ni ngoma na tarumbeta.

Jumanne, 20 Januari

Nimeegesha mlangoni. Gari la kusafisha barabara limemwaga theluji yote juu ya gari langu. Kumbe ndiyo maana Lorna huja na koleo. Sijali. Mshindi ni mshindi.

Faili jipya. Daktari wa mifupa ameandika: "Mguu mbaya." Soua amepita akaniambia nimuulize tu. Maskini, bado hajaelewa kwamba kilichofanya kazi ni viazi. Nimeshanunua vya kutosha idara nzima. Na binamu yangu, tangu asubuhi, anachechemea.