Kichwa cha Tatu na Kidari cha Ukoo

Jumatatu, 17 Desemba 2001

Nimepewa kijitabu cha ukoo nikichape! Mimi, siyo Denis. Babu Ndelilio, mkubwa wa ukoo, kasema kazi apewe kijana aliyesomea kompyuta mjini. (Nimesoma wiki mbili. Hakuuliza.) Denis, mtoto wa baba mkubwa na katibu wa ukoo, kanikabidhi karatasi zake huku amenuna. Raha iliyoje.

Raha ikaisha nilipozisoma. Nyumba ya baba mkubwa ina ukurasa wake. Ya baba mdogo, aliyerithi kihamba, shamba la migomba la ukoo, hivyo hivyo. Sisi wa nyumba ya kati tumetupwa mwisho, ndani ya "Mengineyo". Na Babu hugawa nyama ya sikukuu kwa kusoma karatasi. Anayeitwa kwanza hupewa kidari, nyama ya heshima. Baba yangu, tangu nizaliwe, hupewa shingo. Mwaka huu atakula kidari.

Jumatano, 19 Desemba

Mungu ambariki aliyebuni staili. Bi Rukaiya, mwenye duka la kuchapa, kanionyesha kwamba ndani ya kompyuta vichwa vya habari vina vyeo: cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu. Unabadilisha umbo la cheo mara moja tu, na vichwa vyote vya cheo hicho vinafuata vyenyewe, kitabu kizima. Nilicheka peke yangu mpaka wateja wakageuka.

Mpango: sihamishi hata neno. Nyumba zao ni Kichwa cha Kwanza. Nimekipunguza mpaka saizi nane, kijivu cha maji ya kuoshea sufuria. Kichwa cha Tatu tuko sisi tu. Saizi thelathini na sita, nyeusi tii, mstari juu, mstari chini. Babu haoni vizuri, na miwani anasema ni ya wazee. Atasoma anachokiona. Bi Rukaiya kauliza kama hiki ni kitabu cha ukoo au bango la soda. Wivu tu.

Ijumaa, 21 Desemba

Nilitoka kidogo kula chapati. Huku nyuma Denis kapita na nyongeza mbili, Bi Rukaiya kazichapa, na Denis kaondoka bila kuangalia kioo cha kompyuta, anawahi gari la Kibosho. Mjinga! Nimetoa nakala zote. Nyongeza sikuzisoma, nilikuwa naliangalia jina letu. Linapendeza mno.

Jumatano, 26 Desemba

Ukoo wote umekusanyika, nyama imekatwa, na Babu kafungua ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Kausogeza karibu, kausogeza mbali. Kisha kaita kwa sauti kubwa: Wakwe.

Kumbe nyongeza ya kwanza ilikuwa shukrani kwa wakwe walionunua mbuzi, na Bi Rukaiya, kwa kuona ni jambo dogo, kaiweka Kichwa cha Tatu. Shemeji Filemon wa Kwa Sadala, mume wa dada yangu, alikuwa bado ana kisu cha kuchinjia mkononi. Kapewa kidari. Alikishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga wa jirani.

Babu kafunua tena. Kaita nyumba ya Choo. Hiyo ndiyo nyongeza ya pili, ya kuelekeza wageni: choo kiko nyuma ya migomba. Hakuna aliyesimama. Babu kaamuru maini yawekwe pembeni, huenda wenyewe wamechelewa njiani. Shangazi Gladys kacheka mpaka pombe yake ya mbege ikamwagika.

Halafu sisi! Baba kapewa paja zima. Vichwa vya kijivu Babu hakuviona kabisa. Baba mdogo kajichukulia mbavu. Denis kalalamika kwa niaba ya nyumba yao, kapewa kilichobaki, yaani shingo. Nilitaka kucheza.

Tulipofika nyumbani Baba kaniambia kwamba hakuna nyama anayoipenda kama shingo. Miaka yote amekuwa akimwomba Mungu wasimpandishe. Sasa anataka kumjua mwendawazimu aliyekichezea kile kijitabu.

Nikamwambia ni Denis.

Alhamisi, 27 Desemba

Asubuhi na mapema nilikuwa kwa Bi Rukaiya. Kasema vichwa vinafika mpaka cha Tisa. Cha Tisa! Pasaka tunagawana nyama tena, na Baba atakula shingo yake. Nimeshakitengeneza na jina letu nimeliweka humo, Babu asilione, tuitwe mwisho: saizi nne, rangi nyeupe, kwenye karatasi nyeupe. Hapo sioni cha kuharibika.