Madai ya Mabaharia Kuhusu Mechi Iliyopasuka

Kwa Mkuu wa Utafiti, Dkt. Gunnvor Hestnes,
Meli ya Havlom, kaskazini mwa Svalbard.

Dada Gunnvor,

Mimi Oddmund, fundi wa mitambo na nahodha wa timu ya mabaharia, nakuandikia kwa heshima zote na hasira kidogo. Kila safari mabaharia na watafiti hucheza mpira juu ya barafu, na mshindi huchukua yule samaki mkavu tuliyemfanya kombe. Jumapili tuliongoza tatu kwa mbili, nawe ukatangaza sare, eti kwa kuwa mechi haikumalizika. Asiyekubali kushindwa si mshindani, najua, lakini sisi hatukushindwa!

1. Steinar, baharia anayetulinda dhidi ya dubu, alipuliza filimbi kwa kuwa dubu amekuja. Watafiti wako, wasomi wazima, wakadhani ni kuotea, wakamzonga: "Kuotea wapi? Huna macho wewe?" Maskini akalia, "Dubu, nyie! Dubu!" Dubu mwenyewe alikaa kitako akitazama. Naamini alikuwa shabiki wenu.

2. Dubu alipoondoka tukarudi uwanjani, barafu ikapasuka katikati. Goli lenu likaelea likaenda zake, kipa wenu ndani yake akitupungia mkono, mpaka tukamfuata kwa boti. Timu inayotoroka na goli lake inapewaje sare?

3. Hili ndilo kubwa. Barafu ilikuwa na afya yake mpaka mlipoanza kuipima. Asubuhi mnaitoboa, jioni mnaitoboa, halafu mnashangaa imekonda. Hata mimi nikitobolewa hivyo nitakonda. Kila mwaka mnaandika kwamba imepungua, nayo, kwa adabu yake, inawatii.

Kwa hiyo naomba samaki aletwe chumba cha mitambo leo hii, na upimaji usimame hadi barafu ipone. Ikishindikana, andikeni kwenye ripoti kwamba ni nene sana. Huenda ikaona aibu ikanenepa.

Wasalimie watafiti wote, na kipa wenu msafiri. Mwambie tulimcheka kwa upendo.

Wako mwenye grisi hadi viwikoni,
Oddmund Vikan

Nyongeza: Dada, sasa hivi Steinar amenionyesha kutoka sitahani mahali tulipochezea mwaka jana. Ni maji matupu. Nimeogopa kweli. Kesho mkishuka kupima, nichukueni niwashikie kamba. Toboeni popote mnapotaka, na msiandike uongo hata kidogo. Samaki kaeni naye. Mimi nataka uwanja.