Taa Nyekundu Maana Yake Simama

Jumatatu, 3 Machi

Historia imeanza leo, sebuleni kwa mama mkwe. Filamu yangu ya kwanza! Inaitwa *Jeneza Halina Dirisha*. Jina nililipata nikiwa naoga. Mke wangu kauliza lina maana gani. Nikamwambia hiyo ni kazi ya watazamaji.

Kamera nimeazima kwa mpiga picha za harusi. Alitaka kunieleza vitufe. Nikamkatiza kwa heshima. Mtu mzima hafundishwi kitufe. Kipo kimoja kikubwa, na taa ndogo pembeni. Ikiwaka nyekundu, imesimama. Ikizimika, twende. Mtoto wa chekechea anavuka barabara kwa elimu hiyo hiyo.

Kinyozi wa mtaani ni tajiri anayekata roho kwenye kochi. Mama mkwe ni mama yake, mwenye kulia. Mke wangu kashika maikrofoni, nimeifunga kwenye mpini wa fagio. Mimi ni mengine yote.

Mama mkwe ana sharti. Filamu ionyeshwe Jumamosi kwenye ukumbi wa mjini, siku ya waongozaji tusio na kampuni, na watu wakae hadi mwisho. Ikishindikana, Jumatatu naanza kazi kwenye duka la magodoro la kaka yake. Maisha! Nimekubali bila kutetemeka. Nimeuliza tu godoro moja lina uzito gani.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi kafa vizuri mno. Alikufa polepole, na jicho moja wazi. Nikasema kata, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka, tukapumzika kwa raha zetu. Mke wangu kasema tuangalie japo kidogo kilichorekodiwa. Nikamjibu kuwa mpishi hodari haonjionji. Kasema mpishi hodari ndiye anayeonja. Nikabadilisha mazungumzo.

Miwani naye kaja kuchungulia. Huyu ni hasimu wangu tangu tulipokuwa tukibeba nyaya kwenye filamu za watu. Anavaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba, na sasa ni mwongozaji, eti. Ana filamu yake Jumamosi. Alitukuta mapumzikoni, akaitazama kamera, akatabasamu, akaniuliza kama nina uhakika na ninachofanya. Wivu huo! Nikamfungia mlango. Kidole chake kilichelewa kutoka, hilo si kosa langu.

Alhamisi, 6 Machi

Tumemaliza! Kilio cha leo, jamani. Mama mkwe alimlilia Kinyozi bila kitunguu wala nini. Mke wangu akalia, fagio likatikisika. Hata maiti ililia. Nimeshuhudia kwa macho yangu kazi ambayo mji huu haujapata kuiona.

Wakati wa mapumziko niliiacha kamera mezani, taa nyekundu ikiwaka, nikatoka uani kumpigia simu meneja wa ukumbi. Nikamwambia kuna mgeni mkubwa anakuja kwa ajili yangu tu, asiyependa kuwahi. Kanipa nafasi ya mwisho, ya heshima, baada ya Miwani. Atakuwa kanipashia viti moto. Mgeni mkubwa nitamtafuta. Ikibidi nitakuwa mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba.

Nimefungua kompyuta asubuhi ili niunganishe vipande. Picha ya kwanza: dari. Ya pili: miguu ya Kinyozi, na sauti yake akiomba akunwe mgongo. Ya tatu: mimi, kofia kinyume, nikiwahutubia juu ya ukuu. Kifo? Hakipo. Kilio? Hakipo. Kila nilipoanza, kamera ilinyamaza. Kila niliposema kata, ikaanza kula picha!

Nimekaa chini sakafuni. Nimeyaona magodoro. Nimejiona nikiwaambia wateja walale wajaribu.

Mke wangu kaja, katazama, kacheka hadi kashika ukuta. Kisha kaniambia kwa upole kuwa taa nyekundu ndiyo inayoonyesha kamera inarekodi. Si kweli. Kamera ile iliungwa nyaya kinyume kiwandani. Kasema tuunganishe hivi hivi vilivyopo. Nikafikiri sana, nikapata wazo la kuunganisha hivi hivi vilivyopo. Kipande cha mwisho alikimalizia yeye nikiwa naoga.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Filamu ya Miwani ilikuwa na mvua nyingi na maneno machache. Watu walipiga makofi ya adabu.

Ikaja yangu. Dari. Kimya. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Kisha Kinyozi akaomba akunwe, na mtu mmoja nyuma akacheka. Nilipotokea na kofia yangu, ukumbi mzima uliangua kicheko. Nilitaka ardhi ipasuke. Ila hakuna aliyeondoka! Miwani alivua miwani afute machozi. Ana macho madogo sana, maskini.

Halafu kikaja kipande cha mwisho, nisichokijua. Mama mkwe yuko kwenye kochi, anajifuta uso. Kinyozi anamuuliza kwa nini anakubali sebule yake igeuzwe juu chini na mtu kama mimi.

“Mkwe wangu hajui kitu,” mama mkwe akasema. “Lakini binti yangu hajawahi kurudi hapa analia. Na tangu baba yake afariki, nyumba hii haikuwa na kelele. Hayo magodoro namtishia tu.”

Mimi nililia, nasema wazi. Nililia mpaka mke wangu akanipa ncha ya mtandio wake. Mama mkwe alikuwa kiti cha pili, anatazama mbele tu. Kaninong'oneza nisizoee.

Watu walipiga makofi wamesimama! Meneja anataka ionyeshwe tena. Watu wameuliza niliwezaje kuwafanya waigizaji wasahau kamera. Nimewajibu ni utafiti wa miaka mingi. Kisha nikawauliza kwa nini mama mkwe kapigiwa makofi mengi kuliko mwongozaji.

Jumatatu, 10 Machi

Magodoro yatafute mtu mwingine. Leo nimeanza filamu ya pili, *Jeneza Lina Mlango*. Hii ni ya majonzi matupu. Hakuna kucheka.

Kamera mpya kaniazima Miwani mwenyewe. Kashika adabu. Alitaka kunieleza taa yake, nikamwambia asiniharibie kipaji. Mke wangu naye kalirudia lile somo lake la nyekundu. Nikamuuliza kama madereva wote wa mji huu ni wajinga. Katazamana na mama yake, wakarudi kwenye nafasi zao. Nimeshinda.

Mama mkwe kalia leo kuliko Alhamisi. Kinyozi kafa na macho yote mawili wazi. Kazi safi! Nikasema kata, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka vizuri kabisa, kamera ya mtu makini. Nikawaambia wapumzike. Kisha nikageuza kofia, nikasimama mbele yao, nikaanza kuwaeleza siri ya mafanikio yangu.