Pua ya Roketi na Mistari Yake Myekundu

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata dawa ya kumvuta binti yangu. Roketi! Ndogo, ya karatasi ngumu, ya kurushwa uwanjani Jumapili. Binti anaishi kwa mama yake, pamoja na baba wa kambo ninayemwita Bwana Nadhifu. Huyo naye ana roketi. Ya kijivu. Kijivu kitupu, jamani! Yangu itakuwa na pua nyeupe yenye mistari myekundu.
Nimeipiga pua msasa mpaka ikateleza kama yai. Nimepuliza rangi nyeupe ya kopo. Meza ya kulia imegeuka karakana. Hakuna wa kulalamika.

Jumatano, 6 Machi
Binti kapiga simu. Kauliza nafanya nini. Nikasema nimekaa tu. Akaaga.
Nimezungushia pua tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kufunika panapobaki peupe. Kazi! Pua imechongoka, tepu inajikunja. Nimeikandamiza kwa dole gumba. Inatosha.

Ijumaa, 8 Machi
Leo nyekundu. Maelezo ya kopo yanataka upulizaji mwepesi, kisha usubiri, kisha tena. Hayo ni ya waoga. Haraka haina baraka, sawa, ila Jumapili nayo haingoji mtu. Nimepuliza kwa mkupuo mmoja, nzito kama asali.
Kukausha: kikausha nywele, kitu pekee alichosahau mke wangu alipoondoka. Kilinguruma vizuri. Nilikiacha kiendelee hata rangi ilipokauka. Nyumba ilikuwa na sauti.

Jumamosi, 9 Machi
Nimebandua tepu. Ole wangu! Nyekundu imepenya chini yake ikachuruzika. Kwingine tepu imeng'oka na nyeupe yote. Pua inafanana na kidevu cha mtu aliyejinyoa gizani.
Nimerekebisha kwa brashi. Heri nisingegusa. Nikiulizwa, nitasema ni ndimi za moto.

Jumapili, 10 Machi
Bwana Nadhifu aliitazama pua, akasema kwa upole kwamba ina uchangamfu. Heri angecheka. Nikamwambia ni ndimi za moto. Akaitikia kwa kichwa, kama daktari.
Ilipaa vizuri, nisiseme uongo. Binti akaikimbilia ilipotua, akapitisha kidole pale rangi ilipochuruzika. Ndipo akaniambia kwamba ile ya kijivu aliipaka yeye, kwa mkono wake.
“Baba, mbona hukuniita tupake wote?”
Akaniambia Jumamosi ijayo ana nafasi, anaweza kuja kushinda kwangu.
Moyo uliruka. Papo hapo nikapata wazo. Roketi kubwa mara mbili, pua ya rangi tatu, jina lake ubavuni! Atashangaa huyo mtoto. Ila lazima iwe siri, na Jumamosi ndiyo siku ya kupaka.
Nimemwambia nitakuwa safarini.